Mwanaanga wa Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Si zamani, wala si za kale. Ni juzijuzi tu, katika Jamhuri ya Mbelekwambele, nchi ambayo usihangaike kuitafuta kwenye ramani kwa sababu suala la ramani bado liko kwenye mchakato. Nchi hiyo imejaliwa. Ina bendera yenye rangi zote zilizokuwepo dukani siku ile, ina wimbo wa taifa mrefu mpaka wageni hukaa chini wenyewe, na ina umeme, ambao huja kuwatembelea wananchi mara mojamoja, ukapokewa kwa vigelegele, ukaaga ukaenda zake.

Kasoro ilikuwa moja tu: majirani walikuwa wamerusha setilaiti. Ilikuwa ndogo, wanaoijua wanasema inaingia kwenye kapu la sokoni, lakini ilikuwa juu, na kitu cha jirani kikiwa juu kinakera. Mtukufu Rais, Baba wa Ardhi na Anga, aliisoma habari hiyo kwenye simu akiwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini, akatamka neno moja: "Mirihi."

Kufika jioni, neno hilo lilikuwa wizara. Lilikabidhiwa kwa Mheshimiwa Dokta Kishindo, aliyekuwa Waziri wa Mifugo mpaka saa sita mchana na ambaye, kusema haki, hakuna ng'ombe aliyewahi kumlalamikia. Sasa akawa Waziri wa Anga, Mitandao na Mambo Mengineyo ya Juu. Aliapa, akashika kipaza sauti, na ikawa vigumu kumwachisha.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alinguruma. "Wapo wanaouliza, kwa nini tusianze na mwezi? Nawajibu: mwezini wameshakwenda watu, kumechafuka! Sisi tutaanzia pale walipoishia wenzetu, na tutamaliza kabla hawajaamka!"

Watu walipiga makofi. Mbelekwambele makofi hayajawahi kukosekana, hata wakati wa upungufu wa sukari.

*

Tangazo la kazi ya mwanaanga lilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano katika kurusha vyombo vya anga. Nchi nzima ilitazamana. Marubani waliomba wakakataliwa, maana ndege huishia mawinguni. Mwishowe ofisa utumishi mmoja, aliyekuwa ameingia kwenye kibanda cha gemu kumtafuta mwanawe mtoro, alimkuta msichana amekaa kwenye kreti la soda, rimoti mkononi, anazungusha roketi kwenye skrini, watu wamemzunguka wanashangilia. Ofisa alisahau habari za mwanawe.

Msichana huyo aliitwa Sikudhani, bingwa wa nchi wa gemu la safari za anga, na alikuwa na cheti kilichoandikwa kwa wino wa dhahabu: Rubani Mkuu wa Nyota. Kamati ya usaili ilikishika kwa ncha za vidole.

"Umerusha roketi kwa muda gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Toka niko darasa la tano, mheshimiwa."

"Umewahi kuanguka?"

"Mara nyingi sana."

"Ukapona?"

"Naanza upya tu."

Wajumbe walitazamana kwa heshima. Marubani wa taifa walioanguka, hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza upya. Sikudhani, ambaye alilelewa vizuri na mama yake, aliona aseme ukweli mapema.

"Waheshimiwa, lakini hili ni gemu."

"Binti," mwenyekiti alisema kwa upole, "usijishushe. Wanawake mnajishusha sana."

Kazi akapewa. Wala asilaumiwe kwa kuipokea. Alikuwa anatarajia kuolewa na Hamduni, fundi simu wa mtaa wa pili, na harusi ilikuwa imepangwa Ijumaa itakayofuata Sikukuu ya Maendeleo. Waziri alimwapia kwamba safari ni ya wiki moja.

"Utakwenda, utarudi, utaolewa," alimwambia. "Tena utaolewa na historia!"

"Naolewa na Hamduni, mheshimiwa."

"Ndiye huyohuyo," alisema Waziri, na akageuka kupigwa picha.

*

Siku ya kurusha roketi, roketi ilikuwepo na injini haikuwepo. Injini ilikuwa bandarini. Watu wa forodha hawakuwa na kundi la kuiweka, wakaiandika "jiko, kubwa sana," na kwa utaratibu wa nchi majiko makubwa husubiri kibali cha afya.

Nchi nyingine wangeahirisha. Lakini Mbelekwambele kuna desturi moja isiyovunjwa: mgeni rasmi akishakaa kwenye kiti, shughuli imefanyika, na kilichobaki ni maelezo. Kwa desturi hiyo hospitali zimefunguliwa bila paa, na lipo daraja zuri lililokatwa utepe bila mto, mto ukaahidiwa katika bajeti ijayo. Siku hiyo mgeni rasmi alikuwa Mtukufu Rais mwenyewe, na alikuwa ameshakaa. Alikuwa ameshapewa maji, na kifuniko cha chupa kilikuwa kimeshafunguliwa.

Dokta Kishindo alipanda ngazi, akaingiza kichwa ndani ya roketi alimokuwa Sikudhani amevaa suti nyeupe iliyoshonwa na fundi wa mapazia.

"Binti, ile mashine yako ya gemu umekuja nayo?"

"Iko kwenye begi."

"Iwashe. Endesha kama unavyoendesha siku zote. Sisi huku tutashughulikia moshi."

Moshi ulishughulikiwa. Vijana wa chama walichoma matairi yote ya zamani ya serikali na machache mapya kwa bahati mbaya. Ngoma zililia, bendi ikapiga, watu wakakohoa kizalendo. Kwenye skrini kubwa ya uwanja ilionekana roketi inapasua mawingu, na pembeni uso wa Sikudhani, macho yamekaza, kijasho chembamba. Alikuwa hadanganyi. Hatua ile ya gemu ni ngumu kweli.

Moshi ulipotulia roketi haikuwepo. Trekta lilikuwa limeivuta chini ya turubai hadi kwenye uwanja mtupu wa serikali, nyuma ya mashine ya kusaga ya Bi. Chausiku. Uwanja huo uko mtaani kwao Sikudhani. Jioni ile, wakati taifa linaambiwa mwanaanga wake ameuacha mwezi nyuma, mwanaanga alisikia kupitia bati sauti ya mama yake akibishana na muuza mchicha.

*

Matangazo yalirushwa mubashara kila siku, na nchi ikapagawa. Sikudhani alipiga mswaki, watu wakatazama. Alikula maharage, watu wakatazama, na mabishano yakazuka mtandaoni kama maharage angani yanapanda au yanashuka. Mtu mmoja aliyejiita Mchambuzi Huru, ambaye somo lake la mwisho la fizikia alilitoroka, alimfundisha mvutano wa dunia profesa wa fizikia, na profesa ndiye aliyetukanwa. Sikudhani alipolala ubavu wa kushoto, wapinzani walisema ni ishara. Alipogeukia kulia, wakasema ametishwa.

Walikuwepo pia wenye mashaka. Hao walisema hakuna safari yoyote, Sikudhani amefichwa ng'ambo katika studio ya siri yenye mitambo ya kisasa. Walikuwa wanaikuza mno bajeti.

Yeye mwenyewe aliyasoma maoni hayo yote na aliumizwa zaidi na wale waliomsifu. Toka utotoni alipenda gemu kwa sababu moja: gemu lina adabu. Ukifeli linakuambia umefeli, kwa herufi kubwa, halafu linakukaribisha ujaribu tena. Haliundi kamati. Sasa alikuwa anaendesha chombo kisichoweza kufeli, na alichoka nacho kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Kitu kimoja tu kilimpa faraja, nacho hakukielewa mara moja. Mashine ya kusaga ya Bi. Chausiku haikuzima. Zamani ilikuwa inasaga dakika chache kisha unasikia mtaa mzima ukisema "Aaa!" Sasa ilinguruma kutwa. Kumbe Mtukufu Rais alikuwa ametoa agizo kwamba mwananchi yeyote asikose kuiona Mirihi, na agizo la Mtukufu haliwezi kutekelezwa kwenye televisheni iliyozimika. Umeme uliokuwa haupo, ambao wataalamu walithibitisha kwa vielelezo kwamba hauwezi kuwepo kabla ya mabwawa matatu kujengwa, ulikuwepo ghafla. Ukakaa.

Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Sikukuu ya Maendeleo ikakaribia. Ndipo Dokta Kishindo alipokuja kabla usiku haujaingia, na bahasha ya nakshi mkononi, uso umejaa furaha.

"Binti, mambo yako yamekuwa mazuri. Utapotea."

"Nitapotea wapi?"

"Angani. Kishujaa. Siku ya Sikukuu, baada ya gwaride na kabla ya ngoma. Chombo kitaelekea kwenye jua huku ukipunga mkono. Hotuba nimeiandika mwenyewe, nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimelia." Alipangusa jicho. "Kamati ya maombolezo imeshakaa. Sijawahi kuona kamati yenye ari namna ile. Sare zimeshakatwa."

"Si mlisema narudi?"

"Ukirudi utahojiwa. Utaulizwa Mirihi kukoje, kuna mchanga wa aina gani, mlikunywa nini. Mtu anayehojiwa ni hatari kwa taifa. Sanamu haihojiwi. Wewe utapewa jina jingine na kazi ya stoo kule mpakani. Pazuri, kuna upepo."

"Na Hamduni?"

"Atapewa pole ya kitaifa," alisema Waziri, "na kiti cha mbele."

Alipoondoka Sikudhani alilia. Alilia kwa hasira, akiwa amevaa kofia ya mwanaanga ili kamera isione, na kioo kikajaa ukungu. Mtandaoni walisema ni hali ya hewa ya Mirihi.

*

Kesho yake asubuhi aliiwekea kamera picha yake ya zamani akiwa amelala, akavaa kanga ya shangazi yake aliyokuwa ameitia begini kwa ajili ya baridi ya angani, na akafungua mlango. Mlinzi alikuwa amekaa palepale chini ya ngazi, simu mkononi, anatazama matangazo.

"Dada, pisha kidogo, unaniwekea kivuli," alisema bila kuinua macho. "Mwenzetu leo amelala, maskini. Anachoka sana yule binti."

Sikudhani alipisha. Akazunguka mashine ya kusaga, akavuka mtaro, akaingia kwao kwa mlango wa uani. Alishaandaa namna ya kumweleza mama yake polepole, asije akaanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alisema Bi. Mwanakheri, akiwa anapepeta mchele na wala asiache. "Umeshuka mapema leo. Umekula?"

Sikudhani alishika nguzo.

"Mama! Ulijua?"

"Nijue nini? Roketi kubwa hivyo imeegeshwa nyuma ya kwa Chausiku, kuku wanatagia chini yake. Nani asijue? Mtaa mzima unajua. Mtaa wa pili wanajua. Binamu yako aliye mikoani kanipigia akaniuliza kama unapata hewa."

"Sasa mbona hamkusema?"

Bi. Mwanakheri aliweka ungo chini. "Tuseme tukatiwe umeme? Una wazimu? Toka upae, mwanangu, sijanunua mshumaa. Chausiku anasaga. Zahanati wanazalisha watu wanaonana nyuso. Tunakaa hapa jioni tunakutazama, tunacheka, tunakuombea. Nchi nzima imekaa kimya, na unajua watu wa nchi hii hawajui kukaa kimya."

Bi. Chausiku alikuwa ameshatokea mlangoni na unga kwenye nyusi, na nyuma yake majirani kadhaa waliokuwa wanapita tu, wote kwa pamoja. Sikudhani aliwaambia habari ya kupotea.

"Wakuue?" alisema Bi. Chausiku. "Wakikuua, matangazo yanaisha. Matangazo yakiisha..." Mashine yake ilikuwa inasikika inanguruma ng'ambo ya ukuta.

"Basi nishuke. Nitokee uwanjani mchana kweupe, niseme nimerudi."

"Ukishuka nayo yanaisha," alisema jirani mmoja kwa aibu, akitazama kandambili zake. "Dada, tunakupenda. Ila kama unaweza, kaa kaa kidogo huko juu."

Wakati huo Hamduni alikuwa ameshafika, anahema, bisibisi bado iko sikioni. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, jambo ambalo ndilo lililomfanya Sikudhani ampende tangu mwanzo.

"Nyinyi mnataka awe juu," alisema. "Wao wanataka awe amekufa. Mimi nataka awe mke wangu. Kuna mtu kamuuliza mwenyewe?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sikudhani alifunga macho kidogo, kama anavyofanya kabla ya hatua ngumu ya gemu. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu, na waliokuwa wanamjua toka kibandani walijua kuna mtu anakwenda kuchapwa.

"Kwanza niitieni Shehe Badawi," alisema. "Harusi ni leo."

*

Shehe Badawi alikuja na kanzu safi na wasiwasi. Aliwahi kuozesha kwa wakala na aliwahi kuozesha kwa simu, lakini hili lilimpa mtihani.

"Bibi harusi, kwa mujibu wa serikali, yuko wapi?"

"Mirihi," wakajibu.

"Na kwa mujibu wa macho yangu?"

"Amekaa kwenye busati, shehe."

Shehe alifikiri, akakohoa. "Basi mimi namwozesha huyu wa kwenye busati. Wa Mirihi wataangalia mashehe wa huko."

Baba mdogo wa Sikudhani alisimama walii, Hamduni akajibu kwa sauti iliyopasuka, na Bi. Mwanakheri akapiga kigelegele kimoja kirefu, akakikata katikati kwa mkono alipokumbuka kwamba mwanawe yuko angani. Walikula pilau harakaharaka. Kisha maharusi walivuka mtaro wameshikana mikono, wakampita mlinzi, ambaye safari hii aliinua macho.

"Mnakwenda wapi?"

"Mirihi," alisema Sikudhani.

"Aa. Fungeni mlango, vumbi linaingia," alisema mlinzi, na akarudi kwenye simu yake.

*

Sikukuu ya Maendeleo ilifika kesho yake. Uwanja ulifurika. Mtukufu Rais alikaa, akapewa maji, kifuniko kikafunguliwa. Gwaride likapita. Kamati ya maombolezo ilikuwa imejipanga kwa sare nyeusi zenye nakshi, na kwenye jukwaa sanamu ilisubiri chini ya shuka. Dokta Kishindo alipanda na hotuba yake, kitambaa tayari mkononi.

"Itifaki imezingatiwa," alianza kwa sauti ya kutetemeka. "Ndugu zangu, ipo saa ambayo taifa huitwa kulia..."

Skrini kubwa ikawaka. Badala ya roketi kuelekea kwenye jua, wakaonekana watu wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja amevaa suti nyeupe, mwingine amevaa kanzu na mkono umejaa hina isiyomhusu, maana alikuwa ameshika mkono wa mkewe kabla haijakauka.

"Mtukufu Rais, ndugu wananchi," alisema Sikudhani. "Nina habari njema. Nimeolewa. Huyu ni Hamduni, mwanaanga wa pili. Amefika leo."

Uwanja ulilipuka. Waliokuwa na sare nyeusi waliruka juu kuliko wote. Dokta Kishindo alifungua mdomo, akageukia fundi mitambo, na fundi mitambo akageukia mti.

"Tumekubaliana tuendelee na kazi ya taifa, siku zote mtakazotuhitaji," Sikudhani aliendelea. "Tuko salama. Chombo kina hitilafu moja ndogo tu, na Mheshimiwa Waziri anaifahamu. Kinategemea umeme wa huko nyumbani. Ukikatika popote Mbelekwambele, mjini au shamba, hata kidogo, kitashuka chenyewe. Kitashuka hapo uwanjani, mbele ya mgeni rasmi. Na mimi nitatoka, nitakaa kwenye kiti, na nitajibu maswali yote."

Kila mtu uwanjani alijua kutoka nyuma ya mashine ya kusaga hadi hapo ni mwendo wa kutembea huku unakula muwa na muwa usiishe. Kila mtu alijua kwamba jirani yake anajua. Dokta Kishindo alitazama watu, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliona wanamtazama na wanacheka, si kwa ubaya, wanacheka tu, akina mama wamejishika mbavu, askari wa gwaride bunduki zinawatetemeka mabegani.

Mtukufu Rais, aliyedhani jambo hilo lilikuwa kwenye ratiba, alipiga makofi.

Na mgeni rasmi akishapiga makofi, Mbelekwambele, limekuwa sera. Dokta Kishindo aliikunja hotuba ya msiba, akainua ngumi. "Kama nilivyosema siku zote," alinguruma, "umeme kwanza!"

Toka siku hiyo Sikudhani na Hamduni wamo angani, na mchana wanakula kwa Bi. Mwanakheri. Dokta Kishindo hulala kwenye kituo cha umeme, amebeba godoro lake, na mtu akipiga chafya karibu na swichi yeye hushtuka. Mafundi hukagua nyaya kwa kukimbia. Na ukipita huko leo saa sita mchana, jua likiwa utosini, utakuta taa za barabarani zinawaka zote, mtaa hadi mtaa, kwa sababu hakuna ofisa hata mmoja aliye tayari kuwa ndiye aliyezima.